Kipimo cha Mkono wa Kulia

Gari la matangazo lilipita Kidodi mara tatu asubuhi ile, na kila lilipopita lilizidi kutisha. Mara ya kwanza lilisema watu wazima wote kuanzia miaka arobaini wafike uwanja wa mpira kupimwa sukari bure. Mara ya pili likasema sukari ni ugonjwa usiopiga hodi. Mara ya tatu, kipaza sauti kikiwa kimeanza kukoroma, likasema atakayebaki nyumbani asije akamlaumu mtu. Mbuzi wawili waliokuwa wamelala barabarani wakainuka na kuelekea uwanjani.

Oswald Komba hakutaka kwenda. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mkulima wa miwa na msimamizi wa wapakiaji. Katika miaka yote ya kazi hiyo alilala kitandani siku moja tu, siku lori lilipomkanyaga kidole gumba cha mguu, na hata siku hiyo, kwa kusimulia kwake mwenyewe, aliyelia ni dereva.

"Mimi wanipime sukari ya nini?" alimwuliza mkewe, Domina. "Nimezaliwa katikati ya miwa. Ukinikamua hapa unapata kilo mbili."

"Ndiyo ukawakamulie hao wenye mashine," Domina akasema. Alikunywa kikombe cha maji, akaongeza cha pili, akajifunga kitenge. "Vaa shati twende."

"Na wewe utapima?"

"Mimi nakusindikiza. Nina maharage jikoni."

Kwenye tuta la barabarani, pale malori ya miwa yanapopunguza mwendo na kujitingisha, miwa miwili mitatu hudondoka kila siku, na anayeiwahi ndiye mwenyewe. Oswald aliwahi mmoja. Alikuwa nao mlima mzima wa miwa shambani kwake, lakini ule wa tutani, alisema, una utamu wa peke yake. Alipofika uwanjani alikuwa kwenye pingili ya pili, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kunata.

Chini ya turubai kulikuwa na foleni tatu: ya uzito, ya presha, na ya sukari. Mlangoni waliweka ndoo yenye koki, na kando yake kipande cha sabuni kilichoning'inizwa kwa kamba ya katani ili kisitembee. Nesi wa sukari aliitwa Jackline, binti mdogo mwenye sauti kubwa kuliko mwili.

"Wazee wangu, shikamooni!"

"Marahaba!"

"Kila mtu anawe kwa sabuni. Tunatoboa mkono wa kushoto, ili kesho mtu asije akanisingizia kwamba ameshindwa kushika jembe kwa ajili yangu."

Watu wakacheka. Oswald naye akacheka, akaunawa mkono wa kushoto. Aliusugua na ile sabuni ya kamba mpaka kwenye kiwiko, akausuuza, akaukausha kwa kuupunga hewani. Wa kulia ulikuwa umeshika muwa. Akaketi kwenye benchi, akamalizia pingili ya mwisho, akatema makapi nyuma ya turubai na kujifuta kwenye suruali.

"Anayefuata!"

Oswald akaketi mbele ya meza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umenawa?"

"Kwa sabuni."

"Haya, nipe mkono."

Oswald alilelewa na bibi ambaye mtoto akimpa kitu kwa mkono wa kushoto alimpiga mwiko wa kichwa, kisha akampa sababu baadaye. Kumnyooshea binti wa watu mkono wa kushoto, mbele ya uwanja mzima, ni jambo ambalo mwili wake haukulijua. Akanyoosha wa kulia. Jackline, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametoboa watu wapatao themanini, alipitisha pamba ya spiriti mara moja juu ya kidole, akatoboa, akagusisha kijiti cha mashine kwenye tone la damu.

Mashine ikahesabu. Jackline akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akatoboa kidole cha pili cha mkono uleule.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "ishirini na nne pointi sita. Na hiki cha pili, ishirini na mbili pointi tisa."

Ile sauti ya chini haikusaidia kitu, maana kipaza sauti cha gari la matangazo kilikuwa juu ya meza yake na hakuna aliyekumbuka kukizima. Ishirini na nne pointi sita ikasikika uwanjani, ikasikika sokoni, na wapo wanaoapa kwamba ng'ambo ya mto Ruaha mwanamke mmoja alitua ndoo yake akauliza, "Ya nani hiyo?"

"Hicho ni kipimo cha kuchuja wagonjwa tu, baba, siyo hukumu," Jackline akasema, sasa akiwa amekizima. Akaandika barua. "Kesho asubuhi uende hospitali Mikumi, usile kitu tangu jioni. Ukijisikia kizunguzungu au kutapika leo hii, usingoje kesho."

"Ya kawaida ni ngapi?"

"Hata kama umekula, isingevuka kumi na moja."

Oswald akatoa kumi na moja kwenye ishirini na nne pointi sita kichwani. Jibu lilimwacha ameketi pale mpaka Domina alipokuja kumshika bega.

*

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, lakini watu waliangalia miguu yake. Kidodi nzima inamjua Mzee Bryson, aliyekatwa mguu kwa sukari na sasa hushinda barazani akihesabu malori. Kila aliyekutana na Oswald alimsalimia usoni, kisha macho yakashuka.

Kwa Natalia, mama chai wa pale stendi, Oswald aliketi kama ilivyo kawaida yake ya saa tano. Natalia akamletea kikombe cha maji ya moto matupu.

"Hiki nini?"

"Chai."

"Majani yako wapi? Sukari iko wapi?"

"Shemeji, mimi sitaki kesi. Tangazo tumelisikia wote."

"Na chapati?"

"Chapati nimeificha," Natalia akasema, akamsogelea Domina na kumpa pole kana kwamba mume ameshaondoka duniani.

Nyumbani walimkuta Mudathir ameshafika. Mudathir alikuwa jirani, rafiki, na mtu wa kwanza kufika kwenye kila msiba wa Kidodi, mingine kabla haijatokea.

"Pole, Mngoni. Nimesikia ishirini na sita."

"Ishirini na nne."

"Bado mchana, jioni itafika. Hebu niambie, zile buti zako za mpira ni namba ngapi?"

"Nane."

"Mimi pia nane." Mudathir akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wakikukata mmoja, buti la pili utaliweka wapi? Nauliza tu."

"Mudathir!" Domina akafoka.

"Acha, Mama Loveth. Huyu ananitania, tangu tukiwa wadogo ananitania." Lakini Oswald aliinuka, akaingia ndani, akatoka na buti zote mbili, akazitua miguuni pa Mudathir. "Chukua. Mimi siendi tena shambani."

Mudathir alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akakosa kicheko. Akazichukua kwa sababu hakujua namna ya kuzikataa.

Alipoondoka, Oswald akaenda nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na bafu la mabati, sakafu ya saruji, tundu la kutolea maji ukutani. Kwa wiki kadhaa sasa sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye lile tundu mpaka katikati ya sakafu, msafara usiokatika, na Domina alikuwa amewamwagia majivu, mafuta ya taa, mpaka maji ya moto. Walirudi kila siku. Oswald alikuwa amewahi kuwasikia wazee wakisema sisimizi hufuata mkojo wa mwenye sukari. Akasimama akiwatazama.

"Ni mimi," akawaambia. "Kumbe mlikuwa mnaniambia."

*

Jioni, jua bado likiwa juu ya miwa, Domina aliweka kigoda, beseni na jagi. Akamnawisha mumewe mkono wa kulia, kama ilivyo desturi ya nyumba ile kabla ya ugali. Akamwekea sahani. Mbele yake yeye hakuweka kitu.

"Chakula chako?"

"Sili."

"Kwa nini?"

"Nakungoja useme tunaondoka saa ngapi kesho kwenda Mikumi."

Oswald akaukata ugali, akaukanda muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Siendi."

"Nilijua."

"Mama Loveth, nisikilize. Bryson alikuwa anatembea. Akaenda hospitali kwa miguu yake miwili, akarudi na mmoja. Mimi nikikaa hapa nitakuwa nayo yote miwili mpaka siku yangu ifike. Shamba la juu atachukua Loveth. La mtoni litabaki lako. Baiskeli nimempa Masunga."

"Masunga ameipokea?"

Oswald akaligeuza tonge mkononi. Masunga, kijana mfugaji aliyehamia toka Kahama na kujenga jirani yao, alikuwa ameitazama ile baiskeli, akasema, "Mzee, wewe ni mtani wangu, ukifa nitaichukua hata bila kupewa. Leo hii bado unaitumia," kisha akairudisha mpaka mlangoni.

"Basi sikia na mimi," Domina akasema. "Sijala tangu mchana. Sitakula usiku huu, sitakula kesho, mpaka hicho kidole chako kitobolewe Mikumi. Ukitaka tufe, tufe wote, tena mimi nitatangulia, maana wewe unakula."

"Unanitisha."

"Nakutisha." Akanyanyua jagi, akajimiminia kikombe cha maji, akakinywa chote bila kupumua. "Maji nitakunywa. Sijasema nafunga maji."

Oswald aliujua uso ule. Ni uso ambao Domina aliutumia miaka thelathini na mmoja iliyopita alipomwambia baba yake kwamba ataolewa na mpakia miwa. Akasukuma sahani mbali.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema.

*

Masunga aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki yake, Oswald katikati, Domina nyuma amekumbatia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Walisimama mara tatu kabla ya Mikumi. Mara zote tatu aliyeomba kusimama ni Domina, na mara zote aliingia kichakani haraka.

"Mama, huku wanyama wapo," Masunga akamwambia mara ya tatu. "Juzi hapa tembo alimsindikiza mtu chooni."

"Ni wasiwasi," Domina akasema akijifunga kitenge upya. "Nina wasiwasi na huyu."

"Mgonjwa ni mimi," Oswald akanung'unika, "na mimi nimetulia kama gunia."

Alikuwa ametulia kweli. Asubuhi ile alikuwa amevaa soksi mbili kila mguu, kwa upendo tu. Kila baada ya muda alivikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, kuona kama bado vinaitika.

Hospitalini aliipeleka barua kwa tabibu Onesphory, mwanaume mnene aliyevaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. Tabibu akaisoma.

"Ishirini na nne. Unakunywa maji mengi?"

"Hapana. Nakunywa maji kama mtu."

"Unaamka usiku kukojoa?"

"Mara moja. Au nisiamke."

"Umepungua? Suruali zinakuvuka?"

Oswald akashika mkanda wake. Ulikuwa kwenye tundu lilelile la Krismasi. Tabibu akamtazama kama mtu anayetazama mahindi yaliyoota jangwani, akampeleka maabara.

Maabara alikuwepo mama mmoja aitwaye Selestina, ambaye alikuwa amefanya kazi ile muda mrefu hata vidole vya watu alivitambua kabla ya majina. Akaishika mikono yote miwili ya Oswald, akaigeuza.

"Wewe unafanya kazi ya miwa."

"Umejuaje?"

"Kucha zako. Baba, jana kabla hawajakutoboa ulikula nini?"

"Muwa. Pingili tatu."

"Ukanawa?"

"Kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko."

"Mikono yote?"

"Wa kushoto. Nesi alisema watatoboa wa kushoto."

"Wakatoboa upi?"

Oswald akafungua mdomo. Akaona meza, akamwona Jackline, akaona mkono wake mwenyewe ukinyooka wenyewe, wa kulia, kwa adabu zote.

"Wa kulia," akasema.

"Uliokuwa umeshika muwa."

"Sasa ningempaje binti wa watu mkono wa kushoto?"

Selestina alishusha mikono ya Oswald taratibu, akageukia ukutani. Mabega yake yakatikisika kwa muda. Aliporudi macho yalikuwa na machozi. "Baba," akasema, "jana walipima muwa. Na muwa wenu kwa kweli ni mtamu. Nenda pale kwenye sinki, nawa yote miwili."

Oswald alinawa kama mtu anayetaka kubandua ngozi. Selestina akatoboa wa kushoto, mashine ikahesabu, Domina akashika kitenge chake kwa meno.

"Tano pointi mbili."

"Maana yake?"

"Maana yake huna sukari. Nitarudia kwenye mkono mwingine kwa sababu najua hutaniamini." Akarudia. "Tano pointi tatu. Nenda kanywe chai."

Oswald aliinama, akavua kiatu kimoja, akavua soksi, na ya pili, akautazama mguu wake kwenye sakafu ya hospitali kana kwamba ameletewa zawadi kutoka mbali. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichowafanya waliokuwa nje wachungulie. Masunga akaingia mlangoni bila ruhusa, akasikia habari, naye akaanza.

"Buti zangu!" Oswald akapiga paja. "Mudathir atanirudishia buti leo hii! Nimegawa urithi, Mama Selestina! Nimeagana mpaka na sisimizi! Bafuni kwangu kuna sisimizi wiki ya tatu sasa, msafara kama wa harusi, nikawaambia kumbe mlikuwa..."

Akaishia hapo.

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Tangu Loveth ahamie kwake, nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na bafu lilikuwa moja.

"Sasa wale sisimizi," akasema, "ni wa nani?"

Domina alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani na ile chupa mapajani. Ilikuwa ya lita moja na nusu, na ilikuwa tupu. Selestina aliitazama chupa, akamtazama na mwenye chupa: kola iliyokuwa pana shingoni, pete ya ndoa iliyozungushiwa uzi ili isidondoke.

"Mama," akasema kwa upole, "umekula saa ngapi mara ya mwisho?"

"Jana mchana. Niliapa."

"Umefanya vizuri kuliko unavyojua. Njoo unawe."

*

Ilikuwa kumi na tatu pointi nane. Selestina alirudia kwenye mkono wa pili, uliooshwa vilevile, ikawa kumi na tatu na nusu. Akapima na mkojo.

Domina hakulia. Aliuliza tu kama itabidi akatwe, na aliuliza akimtazama Oswald, siyo tabibu.

Tabibu Onesphory alichukua muda wake. Alimvua viatu, akamgusa nyayo kwa uzi wa plastiki akimwuliza unasikia hapa, unasikia hapa. Alisikia pote. Akamchungulia macho, akampima presha. Mwisho akaipata miwani yake, akaivaa.

"Mama, yule Mzee Bryson wenu alikuja hapa na kidonda cha miezi mitano. Wewe umekuja na chupa ya maji. Hiyo ndiyo tofauti. Miguu yako ni mizima, figo sioni neno. Utakunywa vidonge kila siku pamoja na chakula, utapunguza ugali na wali, sukari ya kwenye kikombe utaiacha, utatembea. Utarudi baada ya mwezi. Watu wanaishi na hii mpaka wanawachosha wajukuu."

"Miezi mingapi nimekuwa nayo?"

"Sijui. Ungeendelea kumsindikiza mumeo tu bila kupima, ningekwambia miaka."

Nje, kwenye ngazi, Domina alikaa akishika bahasha ya dawa. Oswald akakaa kando yake, kiatu kimoja bado mkononi.

"Kiu ile," akasema Domina. "Nilidhani ni jua. Na kukonda, nilidhani ni kazi."

"Na mimi nilidhani ni pete imepanuka."

"Pete inapanukaje, Baba Loveth?"

"Mimi ni msomi wa wapi?"

Domina akacheka kidogo. Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo na kugundua kwamba ulikuwa na jina. "Nina njaa," akasema.

Masunga alikuwa ameshatangulia kwenda kununua mayai ya kuchemsha.

*

Buti zilirudi. Mudathir alizirudisha zikiwa na matope, akidai alikuwa anazipasha joto. Natalia akaitoa chapati, na akaanza kumwekea Domina birika lake dogo lisilo na sukari, ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Mwenyekiti wa kijiji alipomwomba Oswald asimame kwenye mkutano aseme neno kuhusu kupima, alisimama na kusema maneno matatu tu: "Naweni mikono yote." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba muwa wake ndio pekee katika wilaya nzima ya Kilosa uliowahi kupimwa damu.

Sisimizi walipungua siku baada ya siku. Asubuhi moja Oswald alikuta mmoja tu, amesimama katikati ya sakafu kama aliyepotezana na wenzake.

Mwezi ulipotimia walirudi Mikumi. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Kwenye korido waliweka ndoo, jagi na beseni, na watu walikuwa wengi, akina mama kwenye mabenchi pande zote mbili. Domina akainama kulichukua jagi. Oswald akaliwahi.

"Lete mikono."

"Baba Loveth, watu wanatazama."

"Watazame. Lete."

Akamimina. Domina akanawa wa kulia kwa sabuni, akaugeuza, akaugeuza tena. Oswald akangoja. Akamimina kwenye wa kushoto. Korido nzima ilikuwa imegeuka kutazama, maana ni wachache pale waliowahi kuona mwanaume akimnawisha mkewe hadharani.

"Mume wa wapi huyu?" akauliza bibi mmoja.

"Wa Kidodi, bibi," Oswald akajibu bila kugeuka. "Alikuwepo mmoja tu, ameshachukuliwa. Mama, katikati ya vidole."

Selestina alitokeza mlangoni, akaona jagi, akaona beseni. Akaushika mkono wa kushoto wa Domina.

"Huu umenawa?"

"Huo," Oswald akasema, "nimeunawisha mimi."

Mashine ikahesabu. Domina alifumba macho. Sindano hakuijali, ni kuhesabu kule ndiko alikoogopa.

"Nane pointi moja," Selestina akasema. "Inashuka, mama. Inashuka vizuri."

Domina akafumbua macho. Oswald alikuwa bado amesimama mlangoni na jagi mkononi, hajui aliweke wapi. Mwishowe akaliinamisha juu ya beseni, akajimiminia maji yaliyobaki, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, akasugua taratibu mpaka kwenye viwiko, ingawa siku ile hakuna aliyetaka kumtoboa.